Bei ya Kanzu ya Kuagiza: Tupatane Kabla ya Mkasi



Ndugu zangu, wamo kati yetu wanaoshona kanzu na kudarizi kofia kwa kupenda tu, baada ya vipindi. Mwanzo mtu humshonea mwenzake wa chumbani bure. Shaabani ikiingia watu wanataka kanzu za Idi, oda zinamiminika, na swali linakuja: nitoze ngapi? Majibu ninayoyasikia zaidi, Tororo na pande zote mbili za Busia, ni "utanipa chochote" na "tutaelewana". Darsa ya leo ni juu ya maneno hayo, maana yamegombanisha watu waliokuwa wakiswali safu moja.

Fiqhi inaanza kwa kuuliza kitambaa ni cha nani. Mteja akileta chake, mkataba ni ijara: anakodi kazi ya mkono wako, na ni sharti ujira ujulikane. Mabaki ya kitambaa ni yake, hata kama yanatosha kofia ya mtoto. Ukitoa kitambaa wewe, hiyo ni istisnaa. Wanavyuoni wa Kihanafi wameiruhusu, na miongoni mwa dalili zao ni kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza atengenezewe pete. Wengi wetu hapa ni Mashafii, na katika madhehebu yetu agizo la namna hiyo hupita kwa njia ya salam, yaani bei yote ilipwe palepale mnapofunga mkataba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1992 lilipitisha kuwa istisnaa inazifunga pande zote mbili, mradi aina, sifa na kiasi cha kitu vielezwe na muda wa kukabidhi uwekwe. Bei yaweza kulipwa kwa mafungu.

Anayetaka kubaki ndani ya Ushafii ana njia nyepesi: mteja atoe kwanza fedha za kitambaa, wewe uwe wakala wake wa kununua, kisha mpatane ujira wa kushona. Lakini ukiwa wakala, punguzo unalopata dukani ni lake. Kununua mita kwa 8,000 na kumwambia 9,000 ni hiana. Faida yako itaje kwenye ujira, mchana kweupe.

Sasa hesabu, ya mfano tu. Kitambaa mita 3 na nusu kwa 9,000 ni 31,500. Uzi na vifungo 3,500. Nauli ya kwenda Busia kununua na kurudi Tororo 10,000. Hapo ni 45,000 na hujagusa cherehani. Wengi huongeza 10,000 wakasema wamepata. Saa 6 za kukata, kushona na kudarizi ziko wapi? Zihesabu kwa 5,000, ni 30,000. Umeme, sindano na matengenezo ya cherehani 4,000, na 5,000 ya faida. Jumla 84,000. Kupenda kazi hakuufanyi muda wako kuwa bure, na watu wa nyumbani waliokununulia cherehani wanajua hilo kuliko wewe.

Ukitaka kumpunguzia ndugu, ni ihsani. Mwambie: bei ni 84,000, nakupunguzia 14,000. Usipotaja, anayekuja kesho atadai 70,000 kama haki yake.

Shida yetu ya pekee ni fedha mbili. Fundi humwambia mteja wa upande wa Kenya: "84,000 za Uganda au 3,000 za Kenya, utaona mwenyewe." Wakiachana hivyo, deni ni lipi? Wanavyuoni wengi wamelieleza katazo la mauzo mawili ndani ya uzo mmoja kwa sura kama hii. Chagueni fedha moja. Mkipatana 84,000 za Uganda, deni ni hilo. Siku ya malipo akitaka kutoa za Kenya, rejeeni hadithi ya Ibn Umar (r.a.) aliyepokewa na Abu Dawud: alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, akaruhusiwa kwa bei ya siku hiyo, wamalizane kabla ya kuachana. Kwa hiyo, kama siku ya mkataba shilingi ya Kenya ilikuwa 28 za Uganda na siku ya kulipa ni 29, atatoa takriban 2,897, si 3,000. Ikishuka hadi 27, atatoa takriban 3,111, naye asinune. Waulizeni wabadilishaji fedha wa mpakani bei ya siku ile, mbele yenu wote wawili.

Wapo wanaosema kupanga bei ya juu ni dhuluma. Mtume (s.a.w.) aliombwa awapangie watu bei Madina, akakataa. Kumlaghai asiyejua soko ni jambo jingine, na hilo halina ruhusa.

Suratul Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni. Daftari la kurasa 48 linatosha: kanzu moja, vipimo vyake, kitambaa cha nani, darizi ya rangi gani, siku ya kukabidhi, kiasi, na fedha ya nchi ipi. Msome pamoja, kila mmoja atie sahihi, kisha uchukue mkasi.