Mchawi wangu haishi kuanguka

*Tunacheza Dungeons & Dragons jioni hapa Himbi. Mchawi wangu huanguka kila pambano. Shujaa wa mwenzangu hata hachubuki. Nimekosea wapi? – M., Goma*

Ndugu M., kuanguka kwa mchawi mchanga ni kawaida, lakini nashuku umezitawanya pointi zako 27 sawasawa. Weka 15 kwenye akili, ingawa inakula pointi 9, halafu 14 kwenye ustahimilivu na 14 kwenye wepesi. Nguvu ziache 8, hasukumi chukudu. Namba witiri isiyopata nyongeza ni hasara: 13 hufanya kazi ileile ya 12, kwa bei kubwa zaidi.

Na usisimame mbele! Mwenzako akizidi kuwafunika wote, zungumzeni na mwendesha mchezo, maana yeye ndiye anayepanga maadui.