Mchezo Ukiisha, Tuzungumze

Masomo ya kusoma pamoja: 2 Samweli 12:1-14, Waefeso 5:21-33



Jioni moja mimi na mke wangu tulikuwa tumeketi nyumbani hapa Kitengela tukitazama mchezo wa kuigiza katika televisheni. Katika mchezo huo mume alikuwa amechukua mkopo mkubwa bila kumwambia mkewe, na wadai walikuwa wamefika kubeba viti na kabati. Mke wangu alicheka kidogo, kisha akanigeukia akaniuliza, "Baba watoto, wewe unaweza kunificha jambo kama hili?" Nilimjibu kwa ukali kwamba hayo ni maigizo tu. Nikasema nimechoka, nikaizima televisheni.

Ukweli ni kwamba miezi mitatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemdhamini ndugu yangu katika chama cha akiba na mikopo ili anunue pikipiki. Ndugu yangu alishindwa kulipa, na deni lilikuwa likikatwa katika akiba yangu, ile ile tuliyoitegemea kwa karo ya sekondari. Mke wangu aliyajua hayo wiki mbili baadaye, shule zilipofunguliwa na karo haikuwapo. Alilia sana. Aliniambia kwamba fedha zilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni ule usiku aliponiuliza waziwazi nami nikaizima televisheni.

Nimeanza na aibu yangu mwenyewe kwa sababu katika semina za ndoa tumezoea kuilaumu televisheni. Tunasema inawaharibu watoto, inawachelewesha akina mama jikoni, inawafanya akina baba kuwa mabubu. Lawama hizo zina ukweli wake. Lakini usiku ule televisheni ilinisaidia: ilinifungulia mlango wa kusema kweli, nami nikaufunga. Basi leo tujifunze namna ya kuutumia mlango huo.

Michezo inayogusa nyumba zetu

Michezo ya kuigiza kuhusu mambo magumu ya jamii si jambo geni Kenya. Mwaka 1987, televisheni ilipokuwa bado chini ya Sauti ya Kenya, ulionyeshwa mchezo ulioitwa Tushauriane, uliohusu uzazi wa mpango. Wengi wetu tulikua tukicheka vituko vya Ojwang na Mama Kayai katika Vitimbi, na tukitazama kesi za Vioja Mahakamani. Mwaka 2006 ulianza Mother-in-Law, ambao kwa jina lake tu unagusa jambo lililovunja nyumba nyingi. Mwaka 2009 ukaja Shuga, ulioigizwa Nairobi, ukionyesha vijana na hatari ya Ukimwi. Baadaye zikafuata Maria, Zora, Sultana na nyingine, mbali na zile zinazotoka Meksiko, Ufilipino na Uturuki.

Siku hizi hata katika maboma ya ndani kabisa ya Kajiado utaona televisheni ndogo inayotumia umeme wa jua, na majirani wamekusanyika. Usinzi, ulevi, madeni, mtoto wa nje, mama mkwe, kipigo: yote yanaingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi. Swali ni hili: yakishaingia, sisi mume na mke tunayafanyia nini?

Nathani na mfalme Daudi

Mnakumbuka Daudi alipomchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mungu alimtuma nabii Nathani. Nathani hakuanza kwa kumkemea mfalme. Alimsimulia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu juu ya tajiri huyo. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye Daudi.

Ndivyo hadithi inavyofanya kazi. Tunapomtazama mtu mwingine, tunaona dhambi yake vizuri na tunaihukumu upesi. Mume anamlaani mlevi wa kwenye mchezo huku harufu ya pombe ikiwa mdomoni mwake. Mke anamcheka mwanamke mwenye kisirani, na mumewe hajapata neno jema kwake tangu Jumapili. Daudi alikuwa na heri moja: Nathani alikuwepo kumwonyesha, naye alikubali akatubu. Katika nyumba ya Kikristo, mume na mke ni Nathani mmoja kwa mwingine. Lakini afanye kwa upole. Mwenzako asipigwe kwa hadithi kama fimbo, ukisema, "Umeona? Ni wewe huyo!" Nathani alitumwa na Mungu. Nawe omba kwanza, kisha useme.

Swali na jibu

Tujihadhari na jambo moja. Mchezo unaweza kuuliza swali zuri na kulitolea jibu baya. Mchezo wa Tushauriane uliwahimiza watu wa ndoa wazungumze juu ya idadi ya watoto na malezi yao. Kanisa nalo linataka wazungumze. Lakini kuhusu njia zenyewe, Papa Paulo VI alitufundisha katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968 kwamba tufuate mpango wa maumbile, kwa kiasi na kwa kuheshimiana. Basi pokeeni swali, na jibu mlipime.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2013. Televisheni zetu zilionyesha tangazo lililoigizwa kama mchezo mfupi: mwanamke anamshauri mwenzake mwenye mume, na ambaye ana mpenzi wa nje, atumie kondomu. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walilipinga, na tangazo likaondolewa. Walifanya vema, maana ndoa hailindwi kwa kuuzoea uzinzi. Lakini "mpango wa kando" haukuondoka pamoja na tangazo. Je, ni waume na wake wangapi waliokaa jioni ile wakaulizana, "Sisi tumefikaje mbali hivi? Mbona hatuzungumzi tena?"

Mambo yasiyo ya mchezo

Yako mambo ambayo sisi wa Kajiado tukiyaona katika kioo tusiseme ni maigizo.

La kwanza ni ardhi. Hapa Kitengela tumeona mashamba yakikatwa ploti, fedha nyingi zikashikwa kwa mwezi mmoja, na mwezi wa pili hakuna shamba wala fedha. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mali ya ndoa isiuzwe bila ridhaa ya wote wawili. Baba, kabla ya kumwita mnunuzi, mwite mama. Na wewe mama, mkopo wa chama cha akina mama nao usiwe siri.

La pili ni binti zetu. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka waoanao wawe wametimiza miaka 18. Utafiti wa afya wa taifa ulionyesha kwamba wanawake waliokeketwa nchini walipungua kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi asilimia 15 mwaka 2022, lakini katika jamii zetu za hapa bado ni wengi. Mara nyingi baba na mama hawapatani moyoni juu ya jambo hili, na kila mmoja anawaogopa wazee. Kubalianeni ninyi wawili kwanza. Wazazi walioshikana mkono ni vigumu kuwashinda.

La tatu ni kipigo. Mara nyingi mchezo humwonyesha mke anayepigwa akivumilia hadi mume abadilike, na watu wakapiga makofi. Msamaha wa Kikristo haumtaki mtu akae chini ya rungu. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alikumbusha kwamba yapo mazingira ambapo kutengana kunakuwa lazima ili kumlinda aliye dhaifu na watoto. Anayepigwa amwone paroko, aende kituo cha polisi, au apige simu 1195 bila malipo.

Jinsi ya kutazama pamoja

Papa Yohane Paulo II alitoa ujumbe mzima kuhusu televisheni na familia mwaka 1994. Aliwaonya wazazi wasiifanye televisheni kuwa yaya wa watoto, akawataka wajue mapema kinachotazamwa, wakizungumzie pamoja, na wakati mwingine waizime. Kwa kufuata mawaidha hayo, nawapa hatua hizi:

1. Chagueni pamoja. Mmoja akirudi usiku kutoka zamu ya kiwandani Athi River na mwenzake tayari amezama katika mchezo, apewe salamu na chakula kwanza.

2. Wafikirieni watoto. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, wala hakuna mahali pa kuwapeleka. Basi mchezo usiowafaa watoto usitazamwe wakiwa macho.

3. Mchezo ukiisha, zimeni, mkae dakika kumi. Kila mmoja aseme jambo moja lililomgusa, akianza na "mimi" wala si "wewe".

4. Mwenzako akikuuliza swali, usilikimbie. Kama huwezi kujibu usiku huo, sema, "Nipe hadi kesho jioni," na kesho jioni jibu.

5. Malizeni kwa sala fupi. Jambo likiwazidi nguvu, wapelekeeni paroko au wazee wa ndoa katika jumuiya yenu ndogo ndogo. Msilipeleke kwa majirani.

Maswali ya kujadiliana

Je, ni mchezo upi uliowahi kukufanya ujione mwenyewe? Ulimwambia mwenzako?

Je, kuna jambo ambalo mwenzako akikuuliza leo utaizima televisheni?

Je, watoto wetu wanajifunza ndoa kutoka kwetu, au kutoka katika kioo?

Wapendwa, karo ile tuliilipa kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka, na mke wangu aliuza mbuzi wawili aliowafuga yeye mwenyewe. Hakunisimanga. Ila aliniomba ahadi moja, kwamba akiniuliza nisizime. Bado tunatazama michezo, siku mbili kwa juma. Ikiisha, ananiangalia, nami najua zamu yangu ya kusema imefika.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemtuma Nathani kwa Daudi, utupe moyo wa kusema kweli kwa upole, na moyo wa kuisikia bila hasira. Amina.