Vidonge vya Rangi Mbili

*Somo yangu, nina miaka 51 na hedhi imenikatika mwaka na nusu sasa. Usiku nashikwa na joto, naamka kanga imerowa, na usingizi haurudi tena mpaka adhana ya alfajiri. Hasira zimekuwa karibu, na baba watoto anadhani nimemchoka. Dada yangu aliyeko Muscat kaniletea vidonge vya homoni anavyotumia mwenyewe. Boksi lina vidonge 28, nusu rangi moja, nusu rangi nyingine. Joto limepungua kweli. Lakini kila nikimaliza vya rangi ya pili natokwa na damu, na sala zinanipita. Kwa hiyo tangu Idi nameza vya rangi ya kwanza tu, vya pili natupa. Sasa jirani kaniambia dawa hizi zinaleta saratani ya ziwa. Na shoga yangu mwenye presha anataka nimgawie. Niendelee au nitupe vyote?*

*Mama wa Watano, Mtambile*

Mama wa Watano, umeniuliza habari ya ziwa, na nitakujibu. Lakini kilichonishtua katika barua yako ni vile vidonge unavyovitupa. Unaogopa hatari iliyo ndogo, na kubwa zaidi unaimeza kila usiku bila kujua. Tuanzie hapo.

Boksi la namna unayoieleza kwa kawaida hupangwa hivi: nusu ya kwanza ina estrojeni peke yake, nusu ya pili ina estrojeni pamoja na projestojeni. Estrojeni ndiyo inayokutuliza joto na kukurudishia usingizi. Lakini hiyo hiyo huunenepesha utando wa ndani ya kizazi, na kazi ya projestojeni ni kuuzuia. Estrojeni hupanda, projestojeni hupalilia. Wewe umebaki na kupanda tu.

Wanawake wa Marekani walilipia somo hili. Walipewa estrojeni peke yake kwa miaka mingi, na mwaka 1975 tafiti zikaonyesha kuwa saratani ya kizazi imeongezeka miongoni mwao. Baadaye, katika utafiti mwingine wa miaka mitatu, zaidi ya nusu ya wanawake wenye kizazi waliopewa estrojeni pekee walikutwa na utando ulionenepa kupita kiasi. Hali hiyo si saratani, lakini baadhi ya aina zake huweza kuwa njia ya kuielekea. Ndiyo maana mwanamke mwenye kizazi hupewa homoni mbili, na aliyetolewa kizazi kwa kawaida hupewa moja tu. Rangi ya pili haikuwekwa kwa pambo, dada yangu. Ndiyo mlinzi wako.

Usijitie kiwewe, kwa sababu madhara haya hayaji kwa usiku mmoja. Ila usiendelee hivyo. Acha kumeza vya rangi moja na uende kuonana na daktari wiki hii. Ukiacha, joto linaweza kurudi na damu kidogo inaweza kutoka. Mweleze daktari yote mawili. Mwambie pia ulivyokuwa ukitumia, neno kwa neno, maana bila hilo hatajua kama kizazi kinahitaji kupimwa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hakuna hata la kuonea haya: hukufanya uhuni, ulitaka kusali.

Na hiyo sala ndiyo sababu iliyonigusa. Umejiona uko njia panda, uchague ibada au uchague kizazi. Huna haja ya kuchagua. Mpangilio wa rangi mbili mara nyingi hupewa mwanamke ambaye hedhi yake bado haijatimiza mwaka tangu ikome, na hukusudiwa damu itoke kila mwezi. Wewe umeshapita mwaka. Kwa mtu kama wewe upo mpangilio mwingine, wa homoni zote mbili kila siku bila kupumzika, na lengo lake ni damu isitoke kabisa. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo unaweza kuona matone, kisha hukatika. Yakiendelea baada ya hapo, au damu ikitoka ghafla wakati ilishakauka, rudi ukapimwe, usiseme ni dawa tu. Ama damu inayoletwa na vidonge ina hukumu gani katika sala na funga, hilo mpelekee mwenye elimu ya dini, na umchukulie maelezo ya daktari ili ajibu akijua sababu yake.

Sasa tuje kwa jirani. Hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliokuwa na wanawake zaidi ya 16,000 wenye kizazi, ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 wasiotumia homoni, wapatao 30 walipata saratani ya ziwa kwa mwaka. Kwa waliotumia homoni mbili walikuwa 38. Kiharusi na damu kuganda viliongezeka pia, na kuvunjika nyonga kulipungua. Habari zilienea dunia nzima kwa kishindo, na wanawake wengi wakaacha dawa. Kisichosemwa sana ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi wao hedhi ilishakoma zamani. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, na hana maradhi ya kumzuia, faida kwake mara nyingi huizidi hatari.

Hata hivyo sitakuambia hakuna kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford walikusanya tafiti nyingi na kukadiria kwamba katika kila wanawake 50 wanaoanza homoni mbili za kila siku wakiwa na miaka 50, wakazitumia miaka mitano, mmoja zaidi atapata saratani ya ziwa ndani ya miaka ishirini. Mmoja katika hamsini si uzushi wala si hukumu ya kifo. Ni hesabu ya kuiweka mbele yako pamoja na usingizi wako, mifupa yako na amani ya nyumba yako, kisha uamue wewe. Kadiri unavyotumia kwa muda mrefu, hatari huongezeka. Kwa hiyo hutumiwa kipimo kidogo kinachotosha, na kila mwaka mnakaa na daktari kuuliza: bado nazihitaji?

Kuhusu shoga yako, hapana. Najua mkono wako mwepesi wa kutoa, lakini hiki si cha kugawana. Presha yake itazamwe na ishuke kwanza, kisha daktari ndiye aamue. Aliyewahi kuugua saratani ya ziwa, kiharusi, mshtuko wa moyo, maradhi ya ini, au kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, kwa kawaida hapewi vidonge hivi. Na anayetokwa na damu isiyojulikana sababu hapewi mpaka ijulikane. Dada yako wa Muscat amekuletea kwa mapenzi, lakini vidonge vile viliandikwa kwa mwili wake, baada ya vipimo vyake. Mshukuru, na mwambie asilete tena mpaka uwe na cheti chako mwenyewe.

Kutoka Mtambile daladala za Mkoani zinakufikisha Hospitali ya Abdalla Mzee, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Ukiona Chake Chake ni rahisi kwako, nenda huko. Chukua boksi lenyewe. Omba upimwe presha, uchunguzwe maziwa, na uulize kama kizazi kitazamwe kwa ultrasaundi. Taja maradhi ya ukoo wenu. Uliza pia kama homoni ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi inapatikana, maana hiyo haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama kidonge. Na ukikosa vyote au ukiamua hutaki homoni, ziko dawa nyingine zisizo homoni za kupunguza joto. Ukiwa unatumia vidonge halafu mguu mmoja ukavimba na kuuma, kifua kikabana, pumzi zikakata, au mdomo ukaenda upande, usisubiri kuche. Kimbilia hospitali.

Limebaki la baba watoto. Kwetu msichana anapovunja ungo hutafutiwa somo wa kumfunda. Hedhi inapokoma hakuna anayetufunda, seuze waume zetu. Yeye anaona umegeuka ubavu, hajui kuwa unaungua. Mwambie kwa maneno mepesi: silali, joto linanitesa, na sijakuchoka. Kama tendo la ndoa limekuwa na maumivu kwa ukavu, mwambie na hilo, na umwambie daktari. Ipo estrojeni ya kuweka ukeni ya kipimo kidogo, ambayo huingia kidogo sana katika damu. Ukimfungulia mumeo mlango huo, huenda akakusindikiza mwenyewe Mkoani.

Hivyo jibu langu ni hili: usiendelee na rangi moja, wala usiape kuwa hutazigusa homoni tena. Nenda na boksi lako, useme kweli yote, uulize mpaka uelewe. Uamuzi ukishaufanya ukiwa na vipimo vyako mkononi, utakuwa wako, si wa dada wala wa jirani, na mimi nitauunga mkono wowote utakaokuwa.