SOMO LA MARUDIO: Gari la Springi na Matofali ya Mbao
(Kanuni ya Hooke, Kazi na Nishati, Msuguano)

Mada za somo hili ulizisoma kwa nyakati tofauti tangu kidato cha kwanza hadi cha tatu, na huenda kila moja ina daftari lake. Swali la mtihani halijali daftari. Linaweza kukupa springi moja na kigari kimoja, likauliza unyumbufu, nishati, gurudumu na ekseli, pamoja na msuguano, vyote ndani ya vipengele vinne vya a, b, c na d. Kwa hiyo hapa tunasanifu kitu kimoja tu, gari la kuchezea linalosukumwa na springi, na tunakifuata mpaka mwisho. Majibu ya mtihani utayaandika kwa Kiingereza, lakini anayeelewa jambo kwa lugha anayoiwazia hapati shida kubwa kuliandika kwa nyingine.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: springi ikivutwa mara mbili, kani yake inakuwa mara mbili, lakini nishati iliyomo inakuwa mara nne. Watahiniwa wengi wanalijua la kwanza na kusahau la pili.

VIFAA

Hakuna kitu hapa cha kuagizwa Dar es Salaam. Mbao ni mabaki ya fundi seremala. Ekseli ni spoku za baiskeli, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 2. Magurudumu hukatwa kwenye soli ya kandambili chakavu, kipenyo sentimita 6. Utahitaji pia uzi imara, ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, vipande vya mrija wa kalamu na boliti ndogo chache. Ukizunguka soko la Nyasho pale Musoma au kwa mafundi wa stendi ya Bunda, vyote unavipata kwa asubuhi moja. Springi iwe ya kuvutwa, si ya kukandamizwa: ya maabara ikiwepo, au ile ndogo inayovuta swichi ya taa ya breki kwenye pikipiki. Mafundi saa wa zamani waliita kamani.

Mbao zikate ziwe matofali yanayolingana: urefu sentimita 10, upana 5, unene 1. Toboa matundu kila baada ya sentimita 2.5, tofali zote sawasawa. Wazo hili ndilo lililomo kwenye matofali ya plastiki ya LEGO ya Denmark, yaliyopewa hataza mwaka 1958. Vijiti vyake vimeachana milimita 8 kila mahali, ndiyo maana tofali lolote hukubali kukaa juu ya lingine. Faida yake kwetu ni kubwa. Ukikuta ekseli imekaa vibaya, unafungua boliti na kuihamisha tundu moja mbele, huanzi upya.

Matofali mawili yapange mwisho kwa mwisho upate chasisi ya sentimita 20. La tatu liweke chini likifunga kiungo cha katikati, kama mwashi anavyopishanisha matofali ya ukuta. La nne likate nusu mbili, uzisimamishe ubavuni kwa nyuma zishike ekseli ya magurudumu yanayoendesha. Ekseli hiyo ikae nyuma ya chasisi na si chini yake, ili uzi kutoka kwenye springi uifikie ukiwa umenyooka. Uzi unaokwaruza ukingo wa mbao unakula nishati kabla gari halijaondoka. Magurudumu ya nyuma yagandishwe kwenye spoku yazunguke nayo. Yakiachwa huru, spoku itazunguka peke yake huku gari limesimama.

KUIJUA SPRINGI

Kabla ya kuifunga springi kwenye gari, ipime. Ining'inize, ongeza mawe ya mizani kidogo kidogo, soma urefu kila mara. Tuseme umepata hivi (g = 10 N/kg):

Tungamo (g): 0, 100, 200, 300, 400, 500
Kani (N): 0, 1, 2, 3, 4, 5
Urefu (cm): 6.0, 8.1, 10.0, 11.9, 14.0, 17.2
Ongezeko la urefu (cm): 0, 2.1, 4.0, 5.9, 8.0, 11.2

Mpaka 4 N, kila nyutoni moja inaongeza kama sentimita 2. Hiyo ndiyo kanuni ya Robert Hooke wa Uingereza: ongezeko la urefu huwiana na kani, mradi kikomo cha unyumbufu hakijavukwa. Hooke aliitangaza kwanza mwaka 1676 kama fumbo la herufi zilizochanganywa, wengine wasimwibie, akatoa jibu lake mwaka 1678.

Tazama kipimo cha mwisho. Kwa 5 N ongezeko lilitakiwa liwe sentimita 10, limekuwa 11.2. Ukiondoa mawe yote na springi isirudi kwenye sentimita 6.0, ujue kikomo kimevukwa na springi hiyo imeharibika. Kwenye grafu usilazimishe mstari mnyoofu upite kwenye nukta hiyo. Chora mstari kwa nukta tano za mwanzo, ya sita iache nje na useme kwa nini. Usiifute, wala usiijifanye hujaiona; msahihishaji ameiweka pale kwa makusudi.

Sasa mteremko wa mstari. Ukiweka kani kwenye mhimili wima na ongezeko la urefu kwenye mlalo, mteremko ni k moja kwa moja: 4 N ÷ 0.08 m = 50 N/m. Ukigeuza mihimili, mteremko ni 0.02 m/N, na k inapatikana kwa 1 ÷ 0.02. Soma swali limekuambia upange nini dhidi ya nini. Kosa jingine la kila mwaka ni kuandika urefu mzima wa springi (14 cm) mahali pa ongezeko la urefu (8 cm).

Mtu atauliza kwa nini tusitumie mpira wa manati, ambao kila mtoto wa Mara anaujua. Gari litakwenda, ndiyo. Lakini mpira haufuati kanuni ya Hooke: grafu yake inapinda, na ukirudi kutoka kwenye mvuto haupiti njia ileile uliyokwendea. Nishati inayopotea humo inageuka joto; vuta na kuachia mpira mara nyingi haraka, ugusishe mdomoni, utalisikia. Kwa hesabu safi, springi.

NISHATI ILIYOMO

Springi yetu tunaivuta sentimita 8 na si zaidi. Kani mwishoni ni 4 N. Kazi iliyofanyika ni ngapi?

Hapa ndipo alama zinapomwagika. Mtahiniwa anachukua 4 N × 0.08 m anapata 0.32 J. Hilo lingekuwa sahihi kama ungevuta kwa 4 N tangu mwanzo. Lakini ulianza na sifuri, ukapanda taratibu hadi 4. Kani ya wastani ni 2 N, na kazi ni 2 × 0.08 = 0.16 J. Kwenye grafu ni eneo la pembetatu chini ya mstari, si la mstatili. Kwa fomula:

E = ½ke² = ½ × 50 × (0.08)² = 0.16 J

Ukivuta sentimita 4 tu: ½ × 50 × (0.04)² = 0.04 J. Nusu ya mvuto, robo ya nishati.

GARI LITAFIKA WAPI?

Tungamo la gari zima ni 200 g, kwa hiyo uzito ni 2 N. Msuguano wake tunaupima bila mizani ya springi. Ondoa uzi, weka gari juu ya ubao wa mita 1, inua ncha moja polepole huku ukiligusa gari kidogo. Ukifika mahali ambapo likiguswa linateremka kwa mwendo usiobadilika, msuguano umelingana na sehemu ya uzito inayovuta kuelekea chini. Tuseme ncha imeinuka sentimita 5: msuguano = 2 × 5/100 = 0.1 N.

Nishati yote ikiishia kushinda msuguano:

0.16 J = 0.1 N × umbali; umbali = 1.6 m

Ukivuta sentimita 4, umbali ni 0.4 m. Jaribu kwenye sakafu ya saruji ya darasa, utauona uwiano huo wa moja kwa nne kwa macho, hata kama namba zenyewe zitapungua.

Na zitapungua. Tuseme gari limesimama baada ya mita 1.2. Nishati iliyofika kwenye mwendo ni 0.1 × 1.2 = 0.12 J, na ufanisi ni 0.12 ÷ 0.16, yaani asilimia 75. Robo iliyobaki imepotelea kwenye uzi, kwenye springi yenyewe inayotikisika, na kwenye kelele. Ukiulizwa "taja njia ya kuongeza ufanisi", jibu la "punguza msuguano" peke yake ni jepesi mno. Sema wapi na kwa nini: spoku izunguke ndani ya mrija wa kalamu na si kwenye tundu la mbao, kwa sababu plastiki laini ina msuguano mdogo.

UNENE WA EKSELI

Sehemu hii ndiyo usanifu wenyewe, na ndiyo wanafunzi huiruka.

Uzi unazungushiwa kwenye ekseli. Kani inayosukuma gari pale gurudumu linapogusa ardhi ni kani ya springi mara nusukipenyo cha ekseli, gawanya kwa nusukipenyo cha gurudumu. Kwa spoku tupu: 4 × 0.1/3 = 0.13 N. Msuguano ni 0.1 N, kwa hiyo gari linajikongoja tu. Springi ikilegea kufikia 3 N, msukumo unalingana na msuguano, na muda mfupi baadaye gari linasimama huku springi bado ina nishati.

Basi zungushia spoku ukanda wa tyubu mpaka kipenyo kifike sentimita 1. Sasa msukumo wa kuanzia ni 4 × 0.5/3 = 0.67 N. Gari linaruka. Uzi wa sentimita 8 unazunguka mara mbili na nusu hivi, magurudumu yanakwenda karibu mita 0.48 yakisukumwa, kisha gari linaserereka kwa nishati mwendo iliyobaki.

Mbona usiongeze unene hadi sentimita 2? Msukumo ungekuwa 1.33 N. Lakini tuchukue kwamba nusu ya uzito, 1 N, inalala kwenye magurudumu ya nyuma, na kizigeu cha msuguano kati ya kandambili na saruji ni 0.7. Ardhi haiwezi kulishika gurudumu kwa zaidi ya 0.7 N. Magurudumu yatateleza mahali pamoja, na nishati itakwisha bila safari. Msuguano uleule tuliokuwa tunaupiga vita kwenye ekseli, hapa tunauhitaji. Swali la "faida na hasara za msuguano" utalijibu kwa gari hili moja.

Sakafu nayo ina neno lake. Lipeleke gari lilelile kwenye mchanga wa ufukweni Musoma, magurudumu yazame kidogo, msuguano ufike 0.8 N. Msukumo ni 0.67 N. Halitaondoka kabisa, ingawa 0.16 J bado imo ndani.

Jambo la mwisho la ufundi: uzi usifungwe kwenye ekseli. Tengeneza kitanzi, ukitundike kwenye kijipini kifupi. Uzi ukiisha kufunguka, kitanzi kinachomoka na gari linaendelea huru. Ukiufunga, ekseli ikiendelea kuzunguka itaanza kuukunja uzi upande wa pili, springi itavutwa tena, na gari litapiga breki lenyewe.

Kuhusu kushika msumeno wakati wa kujiandaa na mtihani: aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, Mwalimu Nyerere, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isiitenge akili na kazi ya mikono. Gari hili linachukua mchana wa Jumamosi moja. Fomula tano zinazobaki kichwani baada ya hapo hazihitaji kukaririwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Springi ya gari letu imevutwa sentimita 6. Tafuta nishati iliyomo na umbali gari litakaokwenda kwenye sakafu yenye msuguano wa 0.1 N, bila upotevu mwingine.

2. Gari limevutwa sentimita 8, likaachiwa lipande ubao wa mita 2 ambao ncha yake imeinuliwa sentimita 10. Msuguano ni 0.1 N. Litapanda umbali gani kabla ya kusimama?

3. Mwanafunzi wa Bunda ana springi mbili zinazofanana, kila moja k = 50 N/m. Anataka gari lifike mbali. (a) Linganisha nishati akiziunga mwisho kwa mwisho, na akiziweka sambamba, kila mara akivuta sentimita 8 kwa jumla. (b) Alipoziweka sambamba, magurudumu yaliteleza. Eleza kwa hesabu, na upendekeze dawa.

MAJIBU

1. ½ × 50 × (0.06)² = 0.09 J, umbali 0.9 m.

2. Sehemu ya uzito inayovuta chini ni 2 × 10/200 = 0.1 N. Ukijumlisha msuguano ni 0.2 N. Umbali = 0.16 ÷ 0.2 = 0.8 m.

3. (a) Mwisho kwa mwisho k inakuwa 25 N/m, nishati 0.08 J. Sambamba k ni 100 N/m, nishati 0.32 J. (b) Kani ya kuanzia ni 8 N. Kwenye gurudumu 8 × 0.5/3 = 1.33 N, zaidi ya 0.7 N. Apunguze ukanda wa tyubu: nusukipenyo kisizidi 0.7 × 3/8 = 0.26 cm, yaani kipenyo cha ekseli kama nusu sentimita. Kuongeza uzito juu ya ekseli ya nyuma nako kunasaidia kushika ardhi, ila msuguano wa safari utaongezeka. Jibu linalotaja pande zote mbili ndilo kamili.