KUCHORA MAEGESHO YA MAGARI: KAMBA KWANZA, RANGI BAADAYE



Siku hizi karibu kila mji wa soko una duka kubwa, kituo cha petroli, zahanati au benki yenye uwanja wa kuegesha magari mbele yake. Viwanja vingi vimewekwa lami au kabro, lakini havina mstari hata mmoja, ama mistari imefutika. Basi kila dereva anapaki anavyotaka. Mahali pa magari kumi panaingia sita, na pikipiki zinafunga mlango. Mwenye ploti anatafuta mtu wa kumchorea, na mara nyingi anamwita fundi kutoka mji mkubwa. Kazi hii kikundi cha vijana au cha akina mama kinaiweza. Tujifunze pamoja.

Kwanza tuseme wazi: hii si kazi ya kupaka rangi tu. Sehemu kubwa ni kupima, kufagia na kupatana na mwenye uwanja. Rangi huja mwisho, na ikishakauka haifutiki kwa urahisi.

VIFAA

Mnahitaji tepu ndefu ya kupimia, kamba au uzi wa fundi, chaki, fagio ngumu, rola ya sentimita 10, brashi ya nywele ngumu, tepu ya karatasi ya kubandika, na stensili zenu. Mashine za kupulizia rangi zipo na zinafanya kazi haraka, lakini hatushauri kikundi kichukue mkopo kwa ajili ya mashine kabla ya kupata wateja. Anzeni na rola.

Rangi iwe ile ya barabara. Rangi ya ukuta au ya mlango itabanduka chini ya matairi katika muda mfupi, na jina lenu litabanduka nayo. Kwa mstari wa upana wa sentimita 10, kopo la lita 4 hufika mita 100 hivi kwenye sakafu laini. Kabro na lami yenye matundu hunywa rangi zaidi. Rangi nyingi za njano za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Ulizeni dukani iliyo bila risasi, na mistari ya njano ya zamani msiikwangue ikiwa kavu mkapumua vumbi lake.

KUPIMA

Nafasi moja ya gari ndogo huchukua upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Nyuma yake acheni njia ya mita 6 ili gari liweze kurudi nyuma na kugeuka. Chukueni ukuta au ukingo ulionyooka kuwa msingi wenu. Ili mistari itoke kwenye ukingo huo ikiwa imenyooka, tumieni ile hesabu ya fundi wa nyumba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kona kwa kona iwe mita 5 kamili. Isipofika 5, kona imepinda. Sogezeni kamba mpaka ikubali.

Pakeni kamba chaki, mtu mmoja ashike kila mwisho, wa tatu aivute juu kidogo na kuiachia. Alama itabaki chini. Chorea uwanja mzima kwa chaki kwanza, kisha mwiteni mwenye ploti aingize gari lake mwenyewe katika nafasi mbili tatu. Akisema pamebana, mnafuta kwa maji. Hapo hamjapoteza hata shilingi.

NAFASI YA MTU MWENYE ULEMAVU

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapoona kazi nyingi zimefanywa kwa macho tu. Fundi anachora kiti cha magurudumu ndani ya nafasi ya kawaida, anapokea pesa, anaondoka. Mchoro ni mzuri, lakini mwenye kiti hawezi kuutumia. Fikirini: gari linasimama, mlango unafunguliwa mpaka mwisho, kiti kinashushwa na kuwekwa kando ya mlango, ndipo mtu ahamie kwenye kiti. Kama gari lingine limesimama karibu, atakaa ndani ya gari hadi mwenye gari hilo amalize kununua sukari yake.

Kwa hiyo kinachomsaidia ni ile nafasi tupu ya pembeni. Huko Uingereza huacha mita 1.2, Marekani karibu mita 1.5. Sisi tunapendekeza mita 1.5, ichorwe mistari ya mshazari ili kila dereva ajue hapapakiwi. Iwe karibu na mlango, mahali pa tambarare, na pasiwe na ngazi kati yake na mlango. Mkiona ukingo mrefu wa saruji hapo, mwambieni mwenye ploti kwamba rangi peke yake haitatosha, atengeneze kiteremko.

Tufanye hesabu. Uwanja una mita 25 mbele. Nafasi za kawaida zingekuwa kumi. Mkiweka moja ya mtu mwenye ulemavu pamoja na pembeni yake, hizo ni mita 4. Zinabaki 21, yaani nafasi nane, na mita 1 ya kupitia waendao kwa miguu. Jumla nafasi tisa. Mwenye duka atasema, "Mnanikatia gari moja!" Msimjibu kwa ukali. Mwonyesheni hiyo njia ya miguu, ambayo wateja wake wote wataitumia. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Kama kikundi chenu kina mwanachama anayetumia kiti, aende nanyi siku ya kupatana. Yeye atamweleza vizuri kuliko sisi.

STENSILI

Walio na umri wetu wanakumbuka stensili za kuchapia mitihani shuleni: wino unapita penye tundu, pengine haupiti. Hii ni hiyo hiyo, ila kubwa. Kateni kwenye bati jepesi lililonyooka au plastiki ngumu. Herufi za sentimita 30 zinasomeka vizuri kutoka kwenye gari. Herufi kama O, A, P na R zina kitu katikati ambacho kitaanguka mkikata duara zima. Acheni vidaraja viwili vya kukishikilia, halafu mzibe mapengo kwa brashi ndogo baadaye.

Alama ya kiti cha magurudumu ilibuniwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi kutoka Denmark, nayo mwanzoni haikuwa na kichwa. Kichwa kiliongezwa mwaka uliofuata, ili watu waone mtu na si kiti kitupu. Msikisahau! Pakeni mraba wa buluu kwanza, ukauke kabisa, kisha wekeni stensili na mpake nyeupe.

Siri ya stensili ni rangi kidogo. Kamueni rola mpaka iwe karibu kavu, mgonge kwa brashi kutoka juu kwenda chini badala ya kusugua. Rangi ikizidi hupenya chini ya bati na kingo zinakuwa na ndevu. Inueni bati wima, mfute upande wa chini, ndipo mwende alama inayofuata.

SIKU YA KAZI

Saruji mpya ipewe siku 28 kabla ya kupakwa. Fagieni vumbi lote, na madoa ya oili yasuguliwe kwa sabuni, yasuuzwe, yakauke. Kule milimani ngojeni umande uishe, hata kama ni saa nne. Rangi nyingi za barabara zina thina: hakuna sigara karibu, wala jiko la chai, na watoto wakae mbali. Pale wanapopita watu, nyunyizeni mchanga laini mkavu juu ya rangi ikiwa bado mbichi, maana rangi laini huteleza mvua ikinyesha. Fungeni nusu ya uwanja, nusu nyingine magari yaendelee.

MAPATANO

Yaandikwe, pamoja na ramani iliyotiwa sahihi na pande zote mbili. Mteja atoe kwanza pesa ya rangi. Kikundi kisikopeshe tajiri. Maegesho ya kando ya barabara si ya mwenye duka, kwa hiyo msiyaguse bila idhini ya kaunti kwa maandishi. Na kumbukeni kwamba asilimia 30 ya tenda za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

ZOEZI LA KIKUNDI

Nendeni kwenye uwanja mmoja sokoni kwenu, kwa ruhusa ya mwenyewe, na mpime kwa tepu. Ni nafasi ngapi zitapatikana? Ya mtu mwenye ulemavu itakaa wapi? Mistari yote pamoja ni mita ngapi, na rangi ni lita ngapi? Mmoja wenu akae kwenye kiti cha magurudumu, au asukumwe kwa mkokoteni kama kiti hakuna, kutoka hapo mpaka mlangoni. Andikeni kila mahali alipokwama.