SOMO: FIDIA YA ALIYEUMIA KAZINI NA FEDHA YA ANAYEMTUNZA



Katika matawi yetu, viwandani hapa Kampala na kwenye mashamba ya miwa na chai, tunaulizwa swali hili mara kwa mara: mfanyakazi akivunjika mgongo au mashine ikimkata mikono, atakula nini? Na mke wake, aliyeacha biashara yake sokoni ili amgeuze kitandani na kumwosha, naye atakula nini? Wanaojua kusoma tunawaomba wawasomee wenzao somo hili kwa sauti.

Kwanza tuseme ukweli. Hapa Uganda hakuna posho ya kila mwezi ambayo mtu hupewa kwa sababu tu ana ulemavu, wala hakuna posho ya mtu anayemtunza. Wengine wamesikia kwamba huko Kenya serikali ina mpango wa kutoa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, wakadhani na kwetu ni vivyo hivyo. Sivyo. Mtu akija kambini kwenu akidai pesa ili aandike jina lako katika orodha ya posho ya walemavu, huyo ni mwizi. Msimpe hata shilingi.

Lakini aliyeumia kazini anayo haki yake, nayo si sadaka. Iko katika Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mwajiri anawajibika kulipa hata kama mfanyakazi mwenyewe hakuwa mwangalifu. Kwa hiyo nyapara akikuambia, "Wewe ndiye uliyeweka mkono pale," hilo halikuondolei fidia. Asiyelipwa ni yule aliyejiumiza kwa makusudi. Hata ajali ya njiani, ukiwa unakwenda kazini au unarudi nyumbani moja kwa moja, inahesabiwa. Ukipitia kilabu cha pombe kwanza, hapo utakuwa na kazi ya kujieleza.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wetu wanapopunjwa. Mtu asiyeweza kufanya kazi tena kabisa hulipwa mapato ya miezi 60. Tuseme mwenzetu anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mara 60 ni shilingi 18,000,000. Aliyepoteza sehemu tu ya uwezo wake, kwa mfano daktari amesema asilimia 40, hupata asilimia 40 ya hizo, yaani 7,200,000. Na mapato si mshahara ulioandikwa kwenye karatasi peke yake. Kama mwajiri hukupa chakula au nyumba, thamani yake huingia katika hesabu. Wenzetu wa mashambani mnaokaa katika nyumba za kampuni, msisahau jambo hilo.

Tena kuna kifungu ambacho wengi hawajakisikia. Kama aliyeumia hawezi kazi tena kabisa, na hali yake ni ya kuhitaji msaada wa mtu mwingine wakati wote, sheria inaongeza robo juu ya fidia yake. Katika mfano wetu robo ni shilingi 4,500,000, na jumla inakuwa 22,500,000. Hiyo robo ni kwa ajili ya kazi ya yule mke, au mama, au binti aliyetolewa shule. Kazi ya kumtunza mgonjwa ni nzito kuliko kupakia miwa, maana haina Jumapili, lakini ofisini haitajwi kama mwenyewe hakuitaja. Kwa hiyo mkienda kwa daktari wa kupima ulemavu, mtunzaji naye aende. Aeleze wazi: hawezi kujilisha, hawezi kwenda chooni peke yake, usiku nageuza mara ngapi. Mwombeni daktari aandike katika ripoti kwamba mtu huyu anahitaji msaada wa kudumu. Ripoti ikiandika "ameumia uti wa mgongo" na kukomea hapo, hiyo robo itakuwa vigumu kuidai. Ninyi au mwajiri mkikataa kipimo cha daktari, shauri hupelekwa kwenye Bodi ya Usuluhishi wa Matibabu.

Tunajua kisa cha kiwanda kimoja, ambapo karani alikwenda hospitali na bahasha na karatasi iliyoandikwa Kiingereza. Mgonjwa alikuwa bado na maumivu na nyumbani watoto hawana unga. Akaweka dole gumba. Kilichokuwa ndani ya bahasha hakikufika mapato ya miezi minne. Basi shikeni neno hili: mapatano ya fidia hayapatanwi kitandani. Yanapita mbele ya Ofisa wa Kazi wa wilaya, na hayatakiwi kupungua chini ya kiasi cha sheria. Asiyejua lugha ya karatasi ana haki ya kusomewa na kuelezwa katika lugha anayoielewa. Bahasha ya pole mnaweza kuipokea. Sahihi ndiyo isubiri ushauri.

Habari ya ajali ipelekwe kwa mwajiri upesi, kwa maandishi, kabla mwezi haujapita, na nakala ibaki kwenu. Andikeni siku, saa, mashine gani, na nani aliona. Mwajiri naye anatakiwa kumjulisha Ofisa wa Kazi, lakini msimtegemee. Gharama za matibabu na za kumsafirisha mgonjwa ni zake, kwa hiyo tunzeni risiti, hata ile ya bodaboda.

Ushauri mnapata wapi? Kwanza kwa mwakilishi wa chama kazini kwenu, halafu Ofisa wa Kazi, ambaye hatozi kitu. Hapa Kampala kuna Platform for Labour Action, ambao tangu mwaka 2000 wamekuwa wakiwasaidia wafanyakazi wanyonge kwa sheria, na Mradi wa Msaada wa Sheria wa chama cha mawakili. Mtu wa barazani anayetaka theluthi ya fidia "akusaidie", mpiteni.

Tena kuna akiba ya NSSF. Wewe hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10. Anayeshindwa kazi kwa ulemavu huweza kudai akiba yake kwa sababu hiyo. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, mwanachama mwenye ulemavu aliyefika miaka 40 na kuweka akiba miaka 10 anaweza kutoa hadi nusu yake huku akiendelea na kazi.

Wenye mtoto mlemavu nyumbani, fidia haiwahusu. Nendeni kwa Ofisa wa Maendeleo ya Jamii mkaulize juu ya ruzuku ya watu wenye ulemavu, ambayo hutolewa kwa kikundi, si kwa mtu mmoja mmoja. Kwa mazoezi na viungo vya watoto, Katalemwa Cheshire Home ipo hapa Kampala tangu mwaka 1970.

Maswali ya kujadili katika tawi: Katika kiwanda au shamba lenu, nani aliumia akalipwa bila kupita kwa Ofisa wa Kazi? Nani anamtunza, na je, robo yake ilidaiwa? Majibu yaandikwe na katibu wa tawi na yaletwe ofisini.