SOMO LA KIKUNDI: TULE KWA AKILI, SI KWA HOFU



Siku hizi ukifungua redio utasikia chakula kingine kinacholeta saratani. Leo nyama, kesho chai. Wengine wameingiwa na hofu hata mezani. Wengine wamechoka, wanasema, "Kila kitu kinaua, wacha tule tu." Njia zote mbili zinapotosha. Tujifunze kupima hatari kubwa na ndogo.

1. Mahindi yenye ukungu
Hapa hakuna mzaha. Ukungu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huleta saratani ya ini. Ikiwa nyingi huua haraka. Mwaka wa 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kuchemsha hakuiondoi.

Sisi wa Tena hatulimi mahindi. Tunakula ya dukani, ama gunia tunalotumiwa kutoka nyumbani. Kwa hiyo usalama wa mtoto wa hapa unaanzia kwenye turubai lako huko shambani.
- Anikeni juu ya turubai, si kwenye udongo, mpaka yakauke kabisa.
- Tupeni punje zilizooza au kubadilika rangi. Msimpe ng'ombe, sumu hurudi kwa maziwa.
- Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.
- Mkinunua kwa pamoja, fungueni gunia kabla ya kulipa.

2. Chai ya moto sana
Mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Ubaya ni moto, si chai. Ngoja dakika chache, kisha ufurahie.

3. Soseji na nyama
Mwaka wa 2015 wataalamu hao waliweka soseji na nyama nyingine za kiwandani kundi moja na sigara. Maana yake, wana hakika zinaleta saratani; si kwamba ubaya ni sawa. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo si watu 18 kati ya 100! Kama wangeugua 5 kati ya 100, sasa watakuwa karibu 6.

Basi soseji isiwe ya kila asubuhi. Githeri, maharagwe na sukuma wiki ni bora, tena ni bei nafuu. Lakini nyama choma ya harusi au Krismasi isikunyime usingizi. Anayeogopa choma huku anavuta sigara na kunywa chang'aa amekosea hesabu.

Mhubiri 3:13 inatufundisha kuwa kula na kunywa ni zawadi ya Mungu. Zawadi hutunzwa, tena hufurahiwa.

Maswali ya kujadiliana
1. Mahindi yetu yamehifadhiwa wapi sasa? Nani atayakagua wiki hii?
2. Ni chakula gani tunakiogopa bure?
3. Ni hatari gani tumeizoea hata hatuioni?